Wimbo wa Kisima na Jibu la Aluong

Kusoma nimejifunza ukubwani, na sababu yake ni karatasi moja niliyowekewa mezani Lodwar nikaambiwa nibonyeze kidole. Nitafika hapo. Kwanza mnijue.

Naitwa Nakiru. Kakuma watu huniita Mama Erupe, kwa jina la mwanangu wa kwanza, anayevua samaki ziwani huko Kataboi. Nilipokuwa msichana nilichunga mbuzi wa baba, kisha nikaolewa nikachunga mbuzi wa mume. Mume alikwenda Lokichar siku zile watu wa mafuta walipokuwa wakitafuta walinzi. Akapata kazi, akapata na mke mwingine, mimi nikabaki na watoto wanne na mdomo.

Mdomo wangu unajulikana. Kwenye edonga, ngoma yetu ya kuruka, watu wakishapanga duara mwimbaji huingia katikati akamwimba mtu. Anaweza kulisifu dume la ng'ombe la mtu huyo, na anaweza pia kusema kwamba mwenyewe ni mchoyo, kwamba ana miguu ya korongo, kwamba mbuzi wake humkimbia kwa harufu. Hakuna anayekasirika, maana kuna sheria. Ukimaliza ubeti wako unarudi nyuma hatua moja na kumwachia nafasi uliyemwimba. Anaingia, anakujibu, na akikushinda unacheka kuliko wote. Wimbo ambao haujajibiwa, kwetu haujaisha. Ukiondoka kabla ya jibu watu watasema umemtukana mtu, na hapo fimbo zinaweza kutoka.

Mwaka wa 2017 Lopeyok alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa anagombea uMCA, yaani kiti cha wadi yetu kwenye bunge la kaunti. Aliketi kwenye kigoda changu, mtu mzima na viatu vyake vya kung'aa, akasema, "Mama Erupe, wewe ukiimba hata ngamia anasimama kusikiliza. Niimbie, nami nitakuchimbia kisima hapa hapa kijijini."

Nilimwimbia wiki sita juu ya lori, Kakuma mjini na kila kijiji cha wadi. Koo lilitoka vidonda. Akashinda.

Kisima kilichimbwa, sisemi uongo. Kilichimbwa ndani ya ua wake, ng'ambo ya mto Tarach, na lango likatiwa kufuli la ukubwa wa ngumi. Ngamia wake wanakunywa humo na mipapai yake inamea. Sisi tunaingia mtoni, tunafukua mchanga kwa bakuli, tunangoja maji yajikusanye. Ile njaa iliyoanza mwaka wa 2020 ilinikuta na mbuzi kumi na saba ikaniacha na watatu, na kila mmoja aliyekufa nilimkokota nikipita mbele ya ua ule, nikisikia pampu inalia ndani.

Mbuzi walipobaki watatu nikaingia kwenye makaa, na makaa ndiyo yaliyonipeleka kwa Aluong. Lakini kwake nilikuwa nimeanza kwenda zamani, nikiuza kuni.

Aluong ni mkimbizi, Mdinka kutoka Sudan Kusini, mwanamke mrefu ambaye akisimama kibandani kwake huinamisha kichwa asigonge bati. Anauza chai na mandazi sokoni kambini. Mimi nampelekea makaa, yeye ananipa mtama na unga wa mgao wake. Kufikia uchaguzi wa 2022 tulikuwa tumefanya hivyo, kwa kuni kisha kwa makaa, miaka tisa, na hatukuwahi kupeana bila kuchokozana.

"Mama Erupe, haya ni makaa, ama umepaka mawe rangi?"

"Na wewe Mama Biar," namjibu kwa jina la mtoto wake mkubwa, "huu mtama umepima na kikombe cha mtoto?"

"Mtoto wangu anakula kuliko wewe. Kaa chini, kunywa chai, uso wako imekauka kama ngozi."

Ndivyo tulivyokuwa. Siku mwanangu wa tatu alipougua malaria, Aluong ndiye aliyenifungulia kibanda akalala naye chini mimi nikienda kutafuta dawa. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema lililofuata.

Mwaka huo wa uchaguzi Erupe alivua vizuri, akaninunulia simu ya kugusa. Nilikuwa siwezi kuandika hata jina langu, lakini WhatsApp haitaki shule. Kuna alama ya kipaza sauti. Unaibonyeza kwa kidole gumba, unasema, ukiachilia kidole maneno yako yamekwenda. Wadi yetu ilikuwa na grupu yenye watu zaidi ya mia mbili, na Lopeyok mwenyewe alikuwemo. Alikuwemo pia Stephen, jamaa mwenye studio Lodwar, ambaye ndiye aliyekuwa akimtengenezea Lopeyok mabango, picha na ukurasa wa mtandaoni.

Ilikuwa mwezi wa saba. Watu walikuwa wameanza kununiana. Mtu akivaa kofia ya rangi fulani, jirani hamsalimii. Siku moja asubuhi kibandani kwa Aluong palijaa watu, wenyeji na wakimbizi, mmoja akaniambia, "Mama Erupe, mwaka huu humwimbii mtu wako?"

"Namwimbia," nikasema. Nikatoa simu, nikabonyeza, nikaimba:

Lopeyok umechimba kisima, tumesikia pampu,
ngamia wako wananenepa, mbuzi wetu ni mifupa.
Tulikupa kura kwa mikono miwili,
mbona funguo umeshika peke yako?

Nikaachilia kidole. Wimbo ukaenda. Watu wakapiga meza.

Aluong akaja na birika akasema, "Unaimba wakubwa tu. Mimi unaniogopa?"

Huo ni mwaliko. Kwetu mtu akikuambia hivyo huwezi kukataa. Nikabonyeza tena nikamwimba yeye:

Aluong na watu wake, warefu kama mikoma,
wamekuja kama nzi kwenye maziwa yetu.
Wamekula kuni zote, wametuachia majivu,
nani ana usinga awafukuze?

Nikarudi nyuma hatua moja. Na kidole nacho kikarudi nyuma. Sikufikiri. Mwili wangu umezoea miaka arobaini kwamba ubeti ukiisha unampisha mwenzako, na kidole kilifanya kama miguu ilivyofanya.

Aluong aliweka birika chini, akaingia katikati, mkono kiunoni. Akajibu kwa Kiswahili chake hicho, akiimba kwa sauti yangu:

Nzi haendi kwa maziwa imekauka.
Mama Erupe, hiyo maziwa unasema ni gani?
Kama ni hiyo yako, hata nzi imeona,
imegeuka imerudi Sudan.

Watu walianguka kwa kicheko. Mzee mmoja alimwaga chai kwenye mapaja na hakujali. Mimi nilicheka mpaka nikashika nguzo. Alikuwa amenishinda, na wote pale walijua. Lakini jibu hilo lilibaki pale kibandani. Kwenye simu za watu mia mbili zilifika nyimbo mbili zangu, na wa pili ulikuwa umekatika kwenye usinga.

Siku mbili baadaye sauti yangu ilinirudia kutoka simu nisizozijua. Ilikuwa imewekewa picha: watu wa kambini kwenye foleni ya chakula, na juu yao nzi. Aliyenionyesha alinisomea maandishi ya chini: "Mama wa Turkana amesema. Kura yako ndiyo usinga." Ukurasa ulikuwa wa Lopeyok. Wimbo wa kisima haukuwepo popote. Mtu aliyechukua mmoja na kuacha mwingine, wakati zote mbili zilikuja kwa dakika moja, huyo alijua anachochagua.

Siku ya tatu vijana wa mjini walikwenda sokoni kambini. Sikuwepo, nilisimuliwa. Walikuwa wakiimba "nani ana usinga" kwa sauti yangu, kwa mapigo yangu, nao wamebeba mawe. Vibanda vinne viliangushwa. Kile cha Aluong kilikuwa na karai la mafuta jikoni, mandazi yakiwa ndani. Lilipinduka likamwagika kwenye mguu wake wa kushoto.

Nilikwenda jioni ileile. Alikuwa amelazwa kwa jirani, mguu umefungwa kitambaa cheupe hadi juu ya kifundo.

"Ejok, Mama Biar," nikamsalimu.

Aliniangalia, kisha akageukia ukuta. "Ongea na simu yako," akasema.

Nilirudi nyumbani na gunia langu la makaa kichwani, zima.

Jumatatu iliyofuata naibu wa chifu alinijia. Niripoti Lodwar siku ya Ijumaa mbele ya kamati ya amani, nina shtaka la matamshi ya chuki. Nikamuuliza mshtaki ni nani. Nilidhani atasema Aluong, na ningeinama. Akasema, "Ni mheshimiwa Lopeyok."

Nilimwambia arudie.

Baadaye nilielewa, na ni rahisi kuelewa ukishajua njia za mtu huyo. Wale nzi Lopeyok alikuwa ameshawatumia. Vijana wameshachemka, wanaoogopa wageni wameshajua wampigie nani kura. Sasa alisimama kwenye lori Kakuma, mkono kifuani, akisema amesikitishwa sana na mama mmoja anayechochea watu, na kwamba yeye ni mtu wa amani. Kilichokuwa kinamuuma kilikuwa kingine. Wimbo wa kisima hakuuweka kwenye ukurasa wake, lakini wanawake walikuwa wameushika. Waliuimba mtoni wakifukua mchanga. Watoto waliuimba wakipita mbele ya kufuli lake. Wimbo wa namna hiyo haufutiki kwa kubonyeza, kwa hiyo alitaka kumnyamazisha mwenye wimbo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee Akuwam, mwalimu mstaafu. Alinipigia simu kabla ya siku ile, akanieleza kwa Kiturkana bila kunizungusha. "Mama, kuna mtu ameungua. Huyo ndiye mwenye neno. Akisema mbele yetu, tukasikia pande mbili, jambo linaweza kumalizika kwenye kamati. Asiposema, faili linakwenda polisi."

Basi Alhamisi nikarudi kwa Aluong. Alikuwa ameshaanza kukaa nje, mguu juu ya mtungi uliolazwa. Biar, binti yake mkubwa, alikuwa akipika mandazi, na hakunikaribisha. Nilikaa chini bila kukaribishwa.

"Kesho naitwa Lodwar," nikasema.

"Nimesikia."

"Wanataka kukusikia wewe. Najua huwezi kusafiri, kibali cha kutoka kambini kitachukua wiki. Lakini unaweza kutuma sauti. Uimbe lile jibu lako. Wakilisikia watajua tulikuwa tunacheza."

Mandazi yalikuwa yakilia kwenye mafuta, na niliona kila yakilia Aluong anavuta mguu kidogo.

"Siku ile nilikujibu kwa sababu nilikuwa nacheka," akasema. "Leo sicheki. Unataka nicheke ndio wewe upone?"

"Aluong, nilikuwa nacheza. Wewe wajua."

"Mimi najua. Mafuta haikujua." Akanyoosha kitambaa cha mguu. "Nikuambie kitu sijakuambia miaka tisa. Kule kwetu kulikuwa mtu anakuja sokoni, anatuita wadudu. Mcheshi sana. Watu wanacheka, mimi pia nacheka, namuuzia chai. Halafu siku moja wale wanacheka naye wakaja usiku na panga. Yeye mwenyewe hakuja. Yeye alikuwa ametuita jina tu."

Nilitaka kusema mimi si kama yule. Neno lilifika kwenye meno nikalizuia, kwa sababu vijana wenye mawe nao hawakuwa mimi.

"Wewe una hasira na Lopeyok," akaendelea. "Ni haki. Mimi pia nachota maji mtoni na mkimbizi hana hata kura ya kumnyima. Lakini uliimba yeye amefanya nini. Mimi uliimba niko nini. Hiyo si kitu moja."

Hiyo ndiyo mara ya pili aliyonishinda, na mara hii hakuna aliyecheka.

"Utatuma?" nikamuuliza nikiinuka.

"Nikiona nitasema, nitasema. Na sitakuambia kwanza."

Ijumaa nilifika Lodwar jua likiwa limeshakuwa kali. Ofisi ilikuwa na feni inayozunguka bila kuleta upepo, meza ndefu, na mzee Akuwam katikati. Kulikuwa na karani mwanamke, na wajumbe wawili wa kamati. Lopeyok alikuwa ameketi upande wa dirisha, na Stephen pembeni yake akiangalia simu.

"Mama Erupe," Lopeyok akasema kwa upole, "tumekuwa pamoja siku nyingi. Mimi sitaki ufungwe. Nimewaomba wazee wakuandikie karatasi ndogo tu. Weka kidole urudi kwa watoto."

Karani akanisogezea karatasi na kile kisanduku cha wino. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Kidole changu kilikuwa kimeshanyanyuka, maana katika maisha yangu kila karatasi niliyopewa niliiwekea kidole: ya kliniki, ya mbuzi wa msaada, hata ya kujiandikisha kupiga kura. Kisha nikakikumbuka kidole hicho na kazi kiliyoifanya kibandani kwa Aluong. Nikakirudisha mapajani.

"Isomwe," nikasema.

"Ni ya kawaida," Lopeyok akasema.

"Basi haitachukua muda."

Mzee Akuwam aliivuta. Kwa uso wake niliona hata yeye hakuwa ameisoma yote, ilikuwa imeletwa ikiwa tayari. Akaisoma kimya, kisha akanitafsiria. Ilisema mimi Nakiru ninakiri kuchochea chuki. Ilisema sitaimba wala kusema katika mkutano wowote, wala kwenye grupu yoyote ya simu, kuhusu uchaguzi au mgombea yeyote, mpaka matokeo yatangazwe, na nikifanya hivyo nitakamatwa.

"Nzi wako wapi humo?" nikauliza.

"Nini?"

"Niliimba watu kuwa nzi. Mtu ameungua mguu. Karatasi imesema nzi?"

Akaangalia tena. "Hapana."

"Imesema Aluong?"

"Hapana."

"Lakini mgombea yumo."

Akuwam akavua miwani. Feni ikazunguka. Lopeyok akacheka kidogo, akamwambia Stephen kwa sauti ya kusikika, "Unaona? Ukimpa mama simu, anakuwa wakili."

"Na ukimpa mtu kura anakuwa mwenye maji," nikamjibu. Mmoja wa wale wajumbe wawili akakohoa kuficha kicheko.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia mfukoni. Niliitoa. Kusoma nilikuwa sijui, lakini picha ya Aluong naijua, na ule mstari wa sauti naujua. Ulikuwa mrefu. Jibu lake la kibandani lilikuwa fupi, kwa hiyo nikajua hili si lile.

"Simu zizimwe," Lopeyok akasema.

"Ni ya nani?" Akuwam akauliza.

"Ni ya aliyeungua."

Mzee akanitazama. "Umeshaisikiliza?"

"Bado."

"Unajua amesema nini?"

"Sijui."

Alikuwa na huruma machoni, nami nilimwelewa. Kama Aluong amesema nifungwe, basi nitakuwa nimelibonyeza neno hilo mwenyewe mbele ya mashahidi. Ningeweza kusema chaji imekwisha. Lakini nilikuwa nimemwimba mtu, na mtu anaingia kujibu. Nikaweka simu katikati ya meza, nikaibonyeza.

Sauti ya Aluong ikajaa chumba, na nyuma yake mandazi yakilia.

"Mimi ni Aluong wa kibanda cha chai. Wazee, salamu. Mama Erupe aliniita nzi. Siku hiyo nilicheka. Baadaye niliungua na sikucheka. Sitaki mtu aseme ni mchezo, kwa sababu mchezo ilitoka kwa kibanda ikaingia kwa simu, na huko mimi sikuwa na nafasi ya kujibu. Nataka aitoe hiyo neno. Aitoe na mdomo wake, pale pale sokoni, na pale pale kwa grupu, watu wote wasikie. Na yule aliweka picha ya nzi juu ya foleni yetu, yeye pia aitoe. Yeye hakuwa kibandani. Hakuna mtu alimwalika."

Yakasikika mandazi peke yake, na nikadhani imekwisha. Ikaendelea.

"Hiyo ingine ya kisima, wazee, mwacheni aimbe. Ni kweli. Mimi nimeona hiyo kufuli. Mkifunga mdomo yake kwa sababu ya mguu yangu, mimi sikutuma mguu yangu kufanya hiyo kazi. Kalas, nimemaliza."

Karani alikuwa ameacha kuandika.

Mzee Akuwam akaichukua karatasi ya Kiingereza akaikunja mara mbili na kuiweka chini ya faili. "Andika nyingine," akamwambia karani. "Kwa Kiswahili, na mistari miwili inatosha. Nakiru anaondoa neno la nzi, hadharani na kwenye grupu. Ukurasa uliosambaza neno hilo na picha unalifuta leo." Akamgeukia Stephen. "Picha ile bado iko?"

"Mzee, mimi nilishea tu."

"Sijauliza nani alizaa. Nimeuliza kama iko."

Stephen akamtazama Lopeyok, Lopeyok akatazama dirisha. "Iko," Stephen akasema.

"Basi kuna sahihi mbili hapa. Ya mama na ya mheshimiwa."

Karani alinisomea mistari ile miwili polepole, mara mbili. Nikaweka kidole. Lopeyok akasema hawezi kutia sahihi bila wakili wake, yeye ni kiongozi, ana majukumu. Akainuka, akatikisa vumbi la suruali ambalo halikuwepo, akaondoka na kalamu yake mfukoni. Picha iliondolewa jioni, hakuna aliyejua na nani. Yeye hakuitwa tena na kamati yoyote.

Jumanne ya kura alishinda, tena kwa kura nyingi. Mnaosubiri niseme alianguka, mtasubiri. Kufuli liko, ngamia wake wamenenepa zaidi, na vijana wale wa mawe mmoja wao leo ni dereva wake. Nina uchungu na hilo na sitaki mtu anitulize. Lakini mimi pia niko. Tangu mwaka ule sijapita mbele ya ua wake bila kuimba funguo ziko wapi, na askari wake wameshaujua ubeti wote, mmoja hunisaidia kuitikia bosi akiwa hayupo. Nilijiunga na darasa la watu wazima Kakuma. Karatasi nyingine nitakayowekewa mezani nitaisoma mwenyewe.

Lakini nimeruka Jumamosi, kesho yake ya Lodwar, na Jumamosi ndiyo siku niliyoitaka.

Nilikwenda sokoni asubuhi na gunia la makaa. Aluong alikuwa ameketi kibandani, bati limenyooshwa, mguu juu ya mtungi. Watu walikuwa wengi, wengine wakiwa wameona vibanda vinaanguka. Nilisimama katikati nikatoa simu na kubonyeza kidole. Sikuimba. Nilisema:

"Mimi ni Nakiru, Mama Erupe. Niliwaita watu wa kambi nzi, na mtu aliungua kwa neno langu. Nzi hawapo. Kuna Aluong na watu wake, na kuni tunagombania, na maji tunagombania, na tutaendelea kugombania tukiitana majina yetu. Neno la nzi nalitoa. La kisima silitoi."

Nikarudi nyuma hatua moja.

Kidole nilikiacha pale pale. Kilitaka kuinuka, nilikihisi, nikakikandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe. Kwenye kioo namba zilikuwa zikihesabu. Watu walikuwa wakimwangalia Aluong, na Aluong alikuwa akiangalia gunia langu. Biar aliacha kugeuza mandazi. Simu ilirekodi kelele za soko, mbuzi wa mtu, pikipiki ikipita, mtoto akiita mama yake. Grupu ya watu mia mbili ingesikia hayo yote, na wakitaka kucheka wacheke. Mkono ulianza kuuma. Niliamua kwamba nitasimama hapo hadi chaji iishe, na ikiisha nitakuja kesho.

Aluong akainama mbele, akachukua kipande cha makaa mdomoni mwa gunia, akakipima mkononi.

"Mama Erupe," akasema, "hii bado ni mawe."

Nikaachilia kidole.